Mchepuko Ana Jina



Kuna neno limeingia majumbani mwetu bila kubisha hodi, na sasa limekaa ukumbini limenyoosha miguu. Neno lenyewe ni mchepuko. Tunalisikia kwenye daladala, kwenye vikoba, kwenye shughuli za harusi wakati bibi harusi anapewa mawaidha, na hata watoto wa skuli wanalitumia kwa mzaha: mtoto akionekana na rafiki mpya wakati wa mapumziko, wenzake humwambia ana mchepuko. Wote tunacheka. Na sisi wa ukurasa huu tumelijadili kwa muda, wengine wakisema ni neno tu la vijana na litapita kama yalivyopita mengine, wengine wakisema hapana, hili limekaa muda mrefu mno kuitwa mgeni. Leo tumeona tuliseme.

Tuanze na asili yake, maana asili yake haina ubaya wowote. Kuchepuka ni kuacha njia kubwa ukashika kijia cha pembeni. Nduguye, mchepuo, tunaye maskulini: mchepuo wa sayansi, mchepuo wa biashara, na huko bara skuli za msingi za mchepuo wa Kiingereza. Mafundi wa barabara nao wana mchepuko wao. Barabara ikifungwa ili ijengwe, magari hupitishwa pembeni kwenye vumbi, panawekwa kibao chenye mshale, na dereva hana la kufanya ila kuufuata mshale. Sisi wa visiwani michepuko ya namna hiyo hatuijui sana. Visiwa vyetu vidogo, ukichepuka mara mbili umeshatokea baharini.

Wanaoijua vizuri ni watu kama wa Itigi. Mji huo uko mkoa wa Singida, kwenye reli ya kati, magharibi ya Manyoni ukielekea Tabora. Barabara ya Manyoni, Itigi mpaka Chaya, kilomita 89, ilichukua muda kujengwa na ikafunguliwa rasmi Julai 2017. Lami ilipokuwa ikimwagwa, msafiri wa huko aliingia na kutoka kwenye michepuko mpaka akasahau njia yenyewe iko upande gani. Baadaye ikaja reli ya kisasa, kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, mkataba wake ukasainiwa 2021, na kipande hicho nacho kinapita hapo hapo Itigi. Kwa hiyo ule ni mji wa watu wa njiani: madereva, mafundi, vibarua, wafanyabiashara wa asali na alizeti, na wenye maduka.

Na wenye maduka, dada zetu, baadhi yao ni watu wetu. Hii haihitaji kuelezwa sana hapa. Mpemba na duka la bara ni jambo la kila ukoo. Anaondoka kijana, anakwenda kukaa kwa ami yake Singida au Tabora au Mbeya, anauza sabuni na ndala na betri, anasimama kwa miguu yake, anarudi kuoa, halafu anarudi dukani. Mke anabaki kwa wakwe. Mume anakuja mwezi wa Ramadhani, anakaa mpaka sikukuu, akizidisha sana siku arubaini. Mwaka mzima uliobaki ndoa inakaa kwenye simu. Katika ndoa za namna hii ndipo neno mchepuko linapouma kweli, kwa sababu kila mke wa aliyeko bara amewahi kuulizwa na shoga yake, kwa kicheko, “Na huko aliko, una hakika hana mchepuko?”

Wengi wetu tunalikumbuka neno hili lilipopanda mabango. Ilikuwa katikati ya muongo wa 2010, katika kampeni za kupambana na ukimwi, pale redio na kuta za mabarabara zilipojaa maneno yale: michepuko siyo dili, baki njia kuu. Kabla yake kulikuwa na ile ya Tuko Wangapi? Tulizana, iliyotutaka tuhesabu mtandao wa watu tulioungana nao kitandani bila kujuana. Ile ya michepuko ikaipita kwa umaarufu, na sababu yake si ngumu kuiona. Ilikuwa ni ya kuchekesha. Kila aliyewahi kupanda basi aliielewa. Kondakta aliimba, mchekeshaji alisema, shekhe naye mwisho akaitia kwenye darsa.

Tuseme haki: neno hilo lilifanya kazi. Mwanamke ambaye hawezi kumwangalia mumewe usoni akamuuliza kama anazini, aliweza kumwambia anapotoka na mkoba wake, “Haya, baki njia kuu,” naye akacheka, na ujumbe umefika. Neno zito hufunga mdomo wa anayesema na sikio la anayesikia. Neno jepesi hupenya. Na mambo yenyewe hayakuwa ya mzaha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionesha kuwa Tanzania, kati ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, wanaoishi na virusi vya ukimwi ni asilimia 4.4, na kwa wanawake ni asilimia 5.6 ilhali kwa wanaume ni asilimia 3.0. Wanawake karibu mara mbili. Kwa hesabu hizo, aliyetunga maneno ya kuwafanya watu wazungumze hatuwezi kumlaumu.

Lakini kampeni ilikwisha, mabango yakachanika, na neno likabaki peke yake bila ile nusu ya pili. Nenda popote leo, utasikia michepuko. Ile “baki njia kuu” inasikika mara chache mno. Na neno lililobaki limegeuka. Zamani lilikuwa onyo, sasa ni cheo. Mwanamme anajigamba nalo barazani. Msichana anaandika kwenye WhatsApp kwamba mchepuko ndiye anayetunzwa kuliko mke. Mtu akiacha chama akaenda chama kingine amechepuka, akila chipsi siku aliyoahidi kufunga mdomo amechepuka. Kila kitu sasa ni mchepuko, na kikishakuwa kila kitu, hakuna tena kibaya ndani yake.

Tulitazame neno lenyewe lilivyoundwa. Katika mfano huu wa barabara, mke ni njia kuu. Mwanamke wa pili ni mchepuko. Na mume ni nani? Mume ni dereva. Yaani wanawake wawili wamelala chini, mmoja ana lami na mmoja ana vumbi, na mtu mmoja tu ndiye aliyekaa juu, kashika usukani, anapunguza gia. Katika mfano huo ni yeye peke yake aliye hai.

Hata Kiswahili chenyewe kinatuambia. Wengi wao huitwa michepuko, kama miti na milango. Hatujawahi kusikia mtu akisema wachepuko. Na si hilo tu. Kabla yake tulikuwa na kimada, na wingi wake vimada, kama vijiko na vitanda. Tulikuwa na nyumba ndogo, na nyumba ni nyumba, haina roho. Hawara angalau alikuwa mtu, ingawa jina lenyewe lina matusi. Ukiyapanga majina yote haya huoni hata moja linalomtaja mwanamme. Yeye hana jina la kudumu. Ana kitendo tu. Amechepuka jana, leo amerudi, yamekwisha.

Kuna na ubaya mwingine ndani ya mfano huu, nao kwa maoni yetu ndio mkubwa zaidi. Fundi wa barabara huweka mchepuko kwa sababu njia kuu ni mbovu au iko kwenye matengenezo. Dereva anayechepuka si mkosa. Ameelekezwa. Wanaume wameliona hilo haraka kuliko sisi, na sasa ndiyo udhuru wao: njia kuu ina mashimo, njia kuu imefungwa, njia kuu imejaa matuta. Mke kazaa, kanenepa, kachoka, ana mgonjwa wa kumuuguza, na hayo yote yakawa mashimo. Tumesikia masomo wa kufunda wakiyachukua maneno haya vilevile yalivyo na kumpelekea mwari: mwanangu, jiangalie usiwe na mashimo, mume atachepuka. Hatukatai mke kujipamba kwa mumewe. Udi na asumini ni vyetu na hatuviachi. Tunalolikataa ni mtoto wa miaka ishirini kuingia ndoani keshaambiwa kwamba dhambi ya mwenzake itakuwa ni ubovu wake.

Sasa turudi Itigi.

Mmoja wetu ana jamaa yake mwenye duka huko, na mwaka jana alifika kwa ajili ya msiba. Safari si ya mchezo: boti mpaka Unguja, boti tena mpaka Dar es Salaam, basi kupita Morogoro, Dodoma na Manyoni. Kule alikuta mwanamke. Yule mwanamke alikuwa ndiye aliyepika siku tatu za msiba, ndiye aliyewapokea wageni, ndiye aliyejua ufunguo wa stoo uko wapi na nani anadaiwa sukari. Ana miaka minne na mwenye duka. Majirani wanamwita kwa jina la duka, mama duka, na wazee wa mtaa wakimtaja husema mke wa Mpemba. Mwenzetu hakujua aseme nini, maana huku Pemba kwenye nyumba ya wakwe yule mwanamke anatajwa kwa neno moja tu, nalo ni hili tunalolizungumzia.

Siku ya pili jioni walikaa wawili wakichambua mchele. Mwenyeji ndiye aliyeanza. Akauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza bei, ni kweli kwamba mume wake ana mchepuko Pemba?

Tumelirudia swali hilo mara nyingi. Hakuwa na kejeli. Yeye alivyoambiwa ni kwamba kuna mwanamke huko kisiwani, mambo ya zamani, watu wa ukoo walimlazimisha. Kwa hiyo kumbe mke wa nikaha, mwenye mahari na mashahidi, mwenye watoto watatu, ukivuka maji na kupanda basi la Tabora naye anakuwa mchepuko. Njia kuu na njia ya vumbi zinabadilishana kulingana na mahali aliposimama dereva. Ametumia neno moja kuwafunika wanawake wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja amekuwa akimcheka mwenzake.

Wala jambo hilo halikomei kwenye maneno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika bara, inasema mwanamme na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Huku kwetu mambo ya ndoa na talaka za Waislamu yako kwa kadhi, na kadhi atauliza walii, mashahidi na mahari. Mtu mmoja, nyumba mbili, sheria mbili. Siku mwenye duka akifa, na ajali za barabara ile hazina ahadi na mtu, wataonana watu ambao hawajawahi kuonana, mbele ya kaburi moja na stoo moja ya bidhaa. Na pakiwa na mtoto wa huko, kwa fikihi tuliyosomeshwa, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hamrithi baba yake. Mtoto hakuchepuka popote. Amezaliwa tu.

Dini yetu katika jambo hili haina neno la katikati. Kuna nikaha na kuna zinaa. Mwanamme wa Kiislamu amepewa ruhusa ya kuoa mpaka wake wanne, kwa sharti la uadilifu ambalo wengi hulisoma haraka haraka. Mke wa pili aliyeolewa ni mke. Ana haki ya zamu, ya nyumba, ya chakula, ya kurithi, na mtoto wake ana baba. Mkewenza ni neno gumu kulimeza, hatulipaki asali, lakini ndani yake mna neno mke. Asiyeolewa hana hayo yote, na Qur'ani imetukataza zinaa kwa ukali wa kukataza hata kuikaribia. Ndipo tunaposema neno mchepuko limekuja kuharibu pande zote mbili. Linaipunguzia zinaa uzito mpaka inakuwa safari fupi ya pembeni, na wakati huohuo linamdhalilisha mke halali. Tumewasikia wanaume wakisema “mchepuko wangu halali,” wakimkusudia mke wa pili waliyemuoa kwa siri. Huyo ni mke wako, bwana. Mtaje kwa jina, mpeleke kwa mama yako.

Wapo watakaotuambia na wanawake wanachepuka. Wanachepuka, ndiyo, na dhambi yao ni ileile. Ila tazameni neno linavyowageukia: mwanamme wa mke wa mtu akiitwa mchepuko, huwa ni kicheko cha siku mbili na biashara yake inaendelea. Mwanamke akiitwa hivyo, neno linaingia kwenye jina lake na kukaa humo, linamfuata mpaka kwenye posa ya binti yake.

Kwa upande wetu tumeshakubaliana: neno hili hatutaliandika tena hapa kumwita mtu. Barabara itakuwa na mchepuko, fundi atauweka na atauondoa lami ikikauka. Kitendo tutakiita kwa jina lake. Na mwanamke, hata tuwe na hasira naye namna gani, tutamwita mwanamke. Mke wa mwenye duka, alipoyasikia haya, alikasirika na sisi. Alituambia ni rahisi kwetu kusema, mume si wetu. Ana haki. Yeye ndiye anayelala peke yake miezi kumi na moja, na kama kumwita yule wa Itigi jina la barabara kunampunguzia moto kifuani, nani wa kumnyima? Hatukuwa na jibu la kumridhisha, na hatujalipata.

Jambo lililomfanya arudi kuzungumza na sisi lilitokea mwezi wa Rajab. Binti yake wa miaka saba alimpigia baba simu kumwambia amekhitimu juzuu, na simu ikapokelewa na sauti ya mwanamke. Yule mwanamke alimpongeza, akamwambia baba yuko sokoni, akamuuliza amesoma mpaka sura gani. Mtoto alipokata simu akamuuliza mama yake, “Yule nani?” Neno alilolizoea lilimfika mpaka ulimini, akalimeza, akamwambia mwanawe asubiri baba aje amuulize mwenyewe. Baba anatarajiwa mwishoni mwa Shaabani. Tiketi ya boti keshaikata, na mtoto ameshaliandika swali lake nyuma ya daftari.